William Brereton wa Cheshire alikuwa nani, na alitafuta nini mlangoni pa Mfalme Henry wa Nane?

Msomaji wetu ameuliza: "Nimetazama tamthilia inayohusu Malkia Anne Boleyn. Mwaka 1536 waliuawa wanaume watano waliodaiwa kuzini naye, na wanne kati yao wanaelezwa vizuri: kaka yake, mpiga muziki, na marafiki wawili wa mfalme. Wa tano, William Brereton, anatajwa mara moja tu, kisha anakatwa kichwa. Alikuwa nani? Mtu aliyetoka katika familia ya mashamba ya mbali kama yeye alifuata nini kwa mfalme, na aliishi vipi huko?"

Nimelifurahia swali hili kwa sababu, kati ya wale watano, naamini Brereton ndiye anayetuonyesha vizuri zaidi jinsi ufalme wa Henry wa Nane ulivyoendeshwa siku hadi siku. Hakusifika kwa mashairi wala kwa mashindano ya mikuki, na hakuhesabiwa kati ya vipenzi wakubwa wa mfalme. Hata hivyo, barua zake na daftari zake za hesabu zimesalia, na humo tunakutana na mtu ambaye katika kasri la mfalme alikuwa mtumishi mmoja kati ya watumishi wengi, ilhali kule kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Cheshire na mpakani mwa Wales, mambo mengi mazito hayakupita bila mkono wake. Hali hizo mbili zilitegemeana. Brereton alivumilia utumishi wa London kwa ajili ya ukubwa wa nyumbani, na hilo ndilo jibu la swali lako kwa ufupi. Sasa nieleze ilivyokuwa.

Alizaliwa miaka ya mwisho ya karne ya 15, mwana wa Sir Randle Brereton wa Malpas, kijiji kilichoko kusini mwa Cheshire. Sir Randle alikuwa mwenye ardhi wa kadiri, mashuhuri jimboni kwake na asiyejulikana sana nje yake. Alikwenda vitani Ufaransa na Henry mwaka 1513, na kaburi lake la mawe meupe ya alabasta, lenye tarehe ya 1522, lingali katika kanisa la Malpas. Tatizo la William lilikuwa kwamba alikuwa na kaka kadhaa waliomtangulia. Msomaji aliyezoea mirathi ambayo kila mtoto ana fungu lake hana budi kukumbuka kwamba, kwa desturi ya tabaka lile, mwana wa kwanza alirithi takriban ardhi yote, ili jina la nyumba lisigawanyike pamoja na mashamba. Wadogo zake walibaki na malezi mazuri, marafiki wa baba, na mikono mitupu. Wengine waliingia ukasisi, wengine sheria au biashara, na wachache waliobahatika waliombewa nafasi katika nyumba ya mfalme. William alibahatika, na Urian mdogo wake akabahatika pia.

Kufikia mwaka 1524 tunamkuta William akitumikia katika Chumba cha Faragha. Jina hilo lilihusu vyumba vya ndani kabisa vya kasri, alikolala, kula na kupumzika mfalme, na pia lilihusu kikosi kidogo cha watu walioruhusiwa kuingia humo. Mwezi Januari 1526 Kardinali Wolsey, aliyekuwa waziri mkuu wa mfalme wakati ule, alitoa kanuni mpya za nyumba ya mfalme, zilizotungwa katika kasri la Eltham, ambazo zilipunguza kikosi hicho hadi watu 15. Juu walikuwa waungwana wa chumba; chini yao walikuwamo watumishi wanne wa daraja la pili, na Brereton alikuwa wa daraja hilo. Kanuni hizo zinatupa picha ya asubuhi yake. Saa kumi na mbili alipaswa kuwa ameamka, ili chumba kisafishwe, takataka zitolewe na moto uwashwe kabla mfalme hajaamka. Nguo za mfalme zilipashwa moto, naye na wenzake walizifikisha mlangoni tu, kwa sababu waliomvalisha walikuwa wale waungwana. Mtumishi wa daraja lake hakuruhusiwa kuugusa mwili wa mfalme ila kwa amri. Hakuruhusiwa pia kuulizauliza mfalme yuko wapi au anakwenda wapi, wala kuzungumza nje habari za saa anazolala na mambo anayofanya kujiburudisha.

Huenda ukashangaa kwamba mwana wa Sir Randle, aliyekulia katika nyumba yenye watumishi wake, aliridhika kupokea zamu ya kufagia na kuwasha moto. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote. Katika ufalme ambao ardhi, cheo, msamaha na ruhusa vilitoka kwa mtu mmoja, ukaribu na mtu huyo ulikuwa mtaji. Posho ya mtumishi wa chumba haikuwa kubwa. Alipata pia chakula, pombe ya shayiri, mishumaa na kuni kwa gharama ya mfalme, lakini matumizi yalikuwa mengi: farasi, watumishi wake mwenyewe, zawadi za mwaka mpya, na mavazi yaliyolingana na mahali alipokuwa. Mavazi hayo nayo hayakuwa ya kujichagulia tu, maana sheria za nchi, ya mwaka 1533 ikiwamo, zilipanga nani avae kitambaa gani na rangi gani kulingana na cheo na kipato. Mwanamume aliyetegemea posho peke yake angefilisika kabla ya miaka mitano.

Faida ilitoka mahali pengine. Mfalme alipokuwa ametulia, baada ya kuwinda au kabla ya kulala, mtumishi mwenye busara aliweza kuomba neno: usimamizi wa msitu wa mfalme, ukodishaji wa shamba lililorudi serikalini kwa sababu mrithi ni mtoto, cheo kilichoachwa wazi na aliyefariki. Mfalme akikubali, alitia sahihi, na karatasi ile ikaanza safari ndefu kutoka mhuri mdogo hadi mhuri mkuu wa ufalme, ikilipiwa ada kwa makarani katika kila kituo. Wahenga wetu wanasema mkono mtupu haulambwi, na makarani wa Henry walilijua hilo bila kufundishwa. Kilichohitajika zaidi ya fedha kilikuwa wepesi. Mwaka 1528 ugonjwa wa jasho uliingia kasrini na kuwaua William Carey na Sir William Compton, wote wawili watu wa karibu wa mfalme, wakapishana kwa siku chache tu mwezi Juni. Vyeo vya watu kama hao viliombwa mara moja, na aliyekuwa ameketi nyumbani shambani kwake alipata habari wakati kila kitu kimekwisha gawanywa.

Brereton aliomba kwa mpangilio, na alichoomba kilikuwa karibu chote cha kwao. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Cheshire haikuwa jimbo kama mengine: ilikuwa na hazina yake na mahakama zake, na haikupeleka wabunge London hadi sheria ya mwaka 1543 ilipoiruhusu. Mtu aliyeshika usimamizi mkuu wa hazina ya Chester alishika mlango wa haki na wa fedha za jimbo zima, na cheo hicho kilikuwa cha Sir Randle kabla ya kumfikia William mwaka 1530. Juu ya hicho akapata usimamizi wa Bromfield na Yale, eneo la mpaka wa Wales lenye ngome ya Holt, lililoangukia mikononi mwa mfalme baada ya Sir William Stanley kuuawa kwa uhaini mwaka 1495. Hakulazimika kukaa huko. Manaibu walifanya kazi kwa jina lake, wakakusanya kodi, wakaketi mahakamani, nao walikuwa ndugu zake na watu wa nyumba yake. Hivyo kijana aliyenyimwa shamba la baba na sheria ya mirathi alilirudia jimbo zima kwa mlango wa mfalme.

Ndoa yake ilifuata njia ileile. Karibu mwaka 1530 alimwoa Elizabeth, binti wa Charles Somerset, Lodi wa Worcester, mtu mwenye undugu wa mbali na mfalme. Elizabeth alikuwa mjane wa Sir John Savage, ambaye familia yake ilikuwa na ardhi nyingi zaidi ya Brereton mwenyewe. Kwa kuwa mrithi wa Savage alikuwa bado mdogo, aliyemwoa mjane na kukodi mali hiyo kutoka kwa mfalme alikuwa na miaka kadhaa ya kuvuna kabla mtoto hajakua. Sisemi kwamba hakukuwa na mapenzi katika ndoa hiyo. Baadaye utaona ninachokijua kuhusu hilo. Nasema tu kwamba mwenye ardhi mdogo wa zama zile hakuoa bila kufanya hesabu.

Kuna matukio mawili ya mwaka huo huo wa 1530 yanayoonyesha jinsi alivyotumwa na alivyochanganyika na wakubwa. La kwanza ni la mwezi Juni. Henry, akitaka kuachana na Catherine wa Aragon, aliandaa barua ya wakuu wa Uingereza kwa Papa Klementi wa Saba, na wajumbe wakatumwa kuzunguka na barua hiyo ili kila mkuu aweke mhuri wake. Brereton na Thomas Wriothesley walifika Southwell, alikokuwa Wolsey baada ya kuondolewa madarakani, katika usiku wa manane wa kuamkia sikukuu ya Mwili wa Kristo. Kardinali aliamshwa kitandani, akaonyeshwa barua, akaweka mhuri. Aliwasihi wapumzike, nao wakakataa wakaondoka usiku uleule. Miaka minne kabla, Wolsey ndiye aliyempangia Brereton saa ya kuamka. La pili ni dogo, nami nalipenda kwa sababu ya udogo wake: katika daftari la matumizi ya mfalme, mwezi Septemba, zimeandikwa shilingi 10 za kulipia ng'ombe aliyeuawa na mbwa wa kuwindia wa Urian Brereton na wa Bibi Anne. Kibarua wa shamba alipata kiasi cha peni 4 kwa siku, kwa hiyo ng'ombe yule alikuwa na thamani ya ujira wa mwezi mzima. Ndugu wawili wa Malpas walikuwa wamefika mahali ambapo mbwa wao walikimbia pamoja na mbwa wa malkia mtarajiwa, na hasara ikalipwa na mfalme.

Nisingependa msomaji ambakishe Brereton akilini mwake kama kijana mnyonge aliyejitafutia riziki. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikua kadiri mlinzi wake alivyokuwa mkubwa. Mwaka 1534 aligombana na John ap Gruffith Eyton, mtu wa Wales ambaye Brereton alimlaumu kwa kifo cha mmoja wa watu wake. Eyton alikwisha kuachiliwa London. Brereton akatumia uwezo wake hadi Eyton akakamatwa tena, akarudishwa katika eneo ambalo mahakama zake zilikuwa chini ya Brereton mwenyewe, akahukumiwa na kunyongwa, ingawa Thomas Cromwell, waziri mkuu wa mfalme kwa vitendo, alijaribu kumwokoa. Nimelifikiria tukio hili mara nyingi. Mtu mmoja alikuwa mshitaki, bwana wa mahakama na mwenye sikio la mfalme kwa wakati mmoja, na pale mpakani hakukuwa na mahali pengine pa kukata rufaa. Daftari za hesabu zinatuonyesha pauni na shilingi zilizoingia. Kifo cha Eyton kinatuonyesha zilitokana na mamlaka ya namna gani.

Kifo hicho kinasaidia pia kueleza kilichofuata. Tangu 1534 Cromwell alikuwa amemweka Askofu Rowland Lee asimamie Baraza la mipaka ya Wales na kuirudisha nchi ile chini ya sheria moja, na katika mwaka 1536 Bunge lilipitisha sheria za kuingiza mahakimu wa amani Cheshire na Wales na za kufuta mamlaka ya mabwana wa mpakani. Brereton alikuwa jiwe katikati ya barabara hiyo. Wapo wanahistoria, nami nawaunga mkono, wanaoamini kwamba jina lake liliongezwa kwenye kesi ya malkia kwa sababu Cromwell alipata nafasi ya kuliondoa jiwe bila kulipigia kelele. Sidai kwamba hilo limethibitishwa kama hesabu. Nasema ni maelezo yanayolingana na yote tuliyonayo, ilhali mashitaka yenyewe hayalingani na lolote.

Yatazame. Mark Smeaton, mpiga muziki, alikamatwa tarehe 30 Aprili 1536, na malkia tarehe 2 Mei. Brereton alichukuliwa tarehe 4 Mei, akiwa na umri wa karibu miaka 50. Alidaiwa kulala na Anne mwishoni mwa mwaka 1533, miezi michache tu baada ya malkia kumzaa Elizabeth mwezi Septemba. Hakuletwa shahidi hata mmoja wa tendo lenyewe, na kati ya washitakiwa wote ni Smeaton peke yake aliyekiri. Kwa watu wasiokuwa na cheo cha ulodi kesi ilisikilizwa tarehe 12 Mei katika ukumbi wa Westminster, na wanne wote wakatiwa hatiani siku hiyo hiyo. Kuna jambo moja la kuumiza zaidi: mwanamke aliyetajwa wakati ule kuwa wa kwanza kumsema malkia alikuwa mke wa Lodi wa Worcester wa wakati huo, kaka yake Elizabeth mke wa Brereton; yaani alikuwa wifi wa Elizabeth huyo. Undugu ule ule uliompandisha William ulipitisha pia maneno yaliyomwangusha.

Tarehe 17 Mei walipelekwa kilima cha Mnara wa London. Adhabu ya uhaini ya kunyongwa na kukatwa vipande ilikuwa imepunguzwa kuwa ya shoka. George Constantyne, aliyesoma shule pamoja na Brereton na baadaye akawa mtumishi wa Henry Norris, rafiki wa mfalme aliyeuawa pamoja naye, alikuwapo, na miaka mitatu baadaye aliandika aliyoyasikia. Brereton alisema kwamba alistahili kufa hata kama kingekuwa vifo elfu, lakini kuhusu sababu ya kufa kwake aliwaomba watu wasihukumu, na wakihukumu, wahukumu kwa wema. Maneno hayo ya mwisho aliyarudia. Constantyne akaongeza kwamba ikiwa yupo mmoja kati yao asiyekuwa na hatia, basi ni huyu. Desturi ya jukwaani ilikuwa kukiri udhambi wa mwanadamu na kutompinga mfalme, ili jamaa waliobaki wasiadhibiwe. Kwa kipimo hicho, Brereton alikwenda mbali kadiri alivyothubutu.

Ulitaka kujua aliishi vipi, na nadhani barua moja iliyoandikwa siku moja kabla hajakamatwa inajibu vizuri kuliko mimi. Tarehe 3 Mei, Roland Bulkeley, mwanasheria wa London, alimwandikia kaka yake Sir Richard, mwenye ardhi wa Wales ya kaskazini ambaye mlinzi wake kasrini alikuwa Norris. Alimweleza kwamba malkia na wengine wamefungwa, kisha akamhimiza afike mwenyewe kwa mfalme upesi, maana ikijulikana kwamba watakufa, itakuwa kuchelewa mno. Waliokamatwa walikuwa bado hai, hawajasomewa hata mashitaka, na tayari mtu wa shamba la mbali alikuwa akiambiwa apande farasi, kwa kuwa vyeo vya mahabusu vitagawanywa na asiyekuwapo atakosa. Aliyebeba barua hiyo alikamatwa Shrewsbury akiwa njiani. Brereton mwenyewe alikuwa amepanda kwa kuwahi namna hiyo, na ya kwake yaligawanywa namna hiyo hiyo.

Elizabeth aliishi miaka tisa zaidi. Katika wasia wake wa mwaka 1545 alimwachia mtoto wao bangili ya dhahabu, akaeleza kwamba ndiyo zawadi ya mwisho aliyotumiwa na baba yake mtoto huyo. Mke aliyeamini kwamba mumewe alizini na malkia asingeitunza bangili hiyo, wala asingetaka mtoto ajue ilikotoka.

Urian hakuguswa. Alikuwa amemwoa Margaret, mrithi wa nyumba ya Handforth, kaskazini mwa Cheshire, na mwaka 1562, Elizabeth binti Anne Boleyn akiwa tayari malkia, alijenga huko nyumba mpya ya mbao. Juu ya mlango aliagiza yachongwe maandishi yanayosema nyumba imejengwa na nani, mwaka gani, mke wake ni binti wa nani, na wamezaa watoto wangapi. Nyumba ingali imesimama, na maandishi yanasomeka.